Kana, Henza na Vijiti Viwili

Swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa kuliko mengine yote halihusu Shaaban Robert wala ngeli za nomino. Ni hili: "Na hiki mwakiitaje kwa Kiswahili?" Huulizwa na makondakta wa matatu, huulizwa na wauguzi, na huko kwetu Shela huulizwa na watoto wa kaka zangu kila nirudipo likizoni, kwa sababu walikwisha kuambiwa kwamba shangazi yao anasoma Kiswahili "mpaka mwisho". Aghalabu swali hili hujibika. Kamusi ipo, na pale ambapo kamusi haipo, ujasiri wa mwanafunzi wa uzamili upo. Lakini mwaka jana niliulizwa juu ya vijiti viwili vilivyochomoza kwenye rimoti ya helikopta ya kuchezea, na jibu lake limenichukua miezi mingi, limenifikisha mahali ambapo sikutaraji, na hata leo halijatimia.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kwanza chombo chenyewe, maana asiyekijua hataona ugumu uliopo. Rubani wa helikopta halisi hutumia viungo vyake vyote vinne: mkono wa kulia unashika wenzo wa kuinamisha chombo mbele, nyuma na kando, mkono wa kushoto unashika wenzo wa kukipandisha na kukishusha, na miguu miwili inakanyaga pedali za kugeuza mkia. Helikopta ya kuchezea inayotawaliwa kwa mawimbi ya redio, ambayo Mjerumani Dieter Schlüter alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifanikisha karibu na mwaka 1970, imemnyang'anya rubani miguu. Kazi zote nne zimebanwa katika vijiti viwili ambavyo kila kimoja hakizidi urefu wa kifundo cha kidole. Katika mpangilio ulio maarufu zaidi, kijiti cha kushoto kikisukumwa mbele huongeza nguvu ya pangaboi la juu na chombo hupaa. Kikipelekwa kando hukigeuza chombo uso. Kijiti cha kulia hukiinamisha: mbele kiende mbele, kando kiende kando. Upo mpangilio mwingine, unaopendwa sana Japani, ambao kazi ya kupaa imehamishiwa mkono wa kulia na ile ya kuinama mbele na nyuma ikapelekwa kushoto. Aliyezoea mmoja akipewa mwingine, chombo humwangukia kabla hajatamka bismillahi.

Helikopta ya nyumbani kwetu ililetwa na binamu yangu anayefanya kazi Dubai. Ni ndogo, haifiki gramu 50, na alikusudia iwe ya watoto. Yaliyofuata hayakukusudiwa na mtu.

Ami yangu, ndugu yake marehemu baba, alikuwa nahodha wa mashua kwa zaidi ya miaka 40. Amebeba boriti za mikoko, amebeba chokaa, amebeba watalii, na katika mashindano ya mashua ya Lamu aliwahi kuwa mtu ambaye wapinzani wake waliuliza kwanza kama yupo ndipo wakajiandikisha. Mwaka 2022 alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, ila mkono wa kushoto ulibaki nyuma. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira laini aufinye asubuhi na jioni ili vidole vipate nguvu. Ami aliufinya siku mbili, kisha akawapa watoto. Alisema hajawahi kushika kitu kisichokwenda popote.

Basi siku helikopta ilipofika, naye amekaa kiwandani, katikati ya nyumba, akawatazama watoto wakiibamiza ukutani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema: "Nipani." Hapakuwa na aliyethubutu kumkatalia.

Niseme hapa kwa nini tulikuwa ndani ya nyumba na si ufuoni, maana Shela inajulikana kwa ufuo wake mrefu na vilima vya mchanga, na mtu wa mbali atadhani hapo ndipo pa kurushia. Sivyo. Upepo wa kusi ukishika, chombo cha gramu 50 ni unyoya. Mchanga nao huingia kwenye meno ya mashine na kuyala. Zaidi ya hayo, ng'ambo ya mkondo upo uwanja wa ndege wa Manda, ambako ndege hutua na kuruka kila siku, na Kenya ina kanuni za vyombo vya anga visivyobeba rubani tangu mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kiwanda cha nyumba ya Kiamu kina kuta ndefu za matumbawe na chokaa, hakina upepo, na mbingu yake ni ya mwenye nyumba. Hasara yake ni zidaka za ukutani tu, na vikombe vya marehemu nyanya vilivyokuwamo, ambavyo sasa tumevihamisha.

Watoto walivishika vijiti kwa ncha za madole gumba, vidole vingine vikiikumbatia rimoti kwa nyuma. Hivyo ndivyo wanavyoshika watu wengi, na wapo mabingwa wa mchezo huu wasioshika vingine. Lakini dole gumba likiwa peke yake lina tabia mbili zinazomsumbua mgeni. Huteleza juu ya ncha, na hukandamiza chini wakati linapotakiwa kusukuma kando. Kwa mkono wa kushoto wa ami hayo yalikuwa maafa. Dole liliteleza, chombo kikapaa hadi juu ya ukuta, kikarudi kwa kasi kikaangukia kwenye beseni la nguo.

Hakusema kitu. Aliukunja msuli wake mara nne, akauweka mapajani, akailaza rimoti juu yake ili mikono isibebe uzito wowote. Kisha akakishika kijiti kwa vidole viwili, dole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili, kama mtu anayeshika chumvi ya kutia mchuzini. Viganja viliegemea ukingo wa rimoti. Baadaye nilipata kujua kwamba mtindo huu nao una watu wake duniani kote, na kwamba wengi wao huiweka rimoti juu ya sinia maalumu au huining'iniza kwa mkanda shingoni kwa sababu ileile ya ami: mkono unaobeba hauwezi kuongoza vizuri. Yeye hakuwa ameona sinia wala mkanda. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba kana haishikwi kwa nguvu za bega.

Kana, kwa wasomaji wa bara, ni mkono wa usukani wa chombo, ule mti ambao nahodha anaushika akiwa amekaa tezini. Neno limo kamusini. Nililijua. Nililijua kama nilivyojua tezi na omo, yaani kwa methali. Nani kati yetu hajaandika katika mtihani kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani? Lakini mpeleke mwanafunzi huyohuyo chomboni, mwambie akae tezini, atakwenda kukaa mbele.

Siku za mwanzo somo la ami lilikuwa moja: kutokaba. Aliyeshika kwa hofu hukaza vidole, na vidole vilivyokazwa husogea kwa mshtuko, mara havisogei kabisa, mara vimesogea nusu ya safari nzima. Alitutaka tukishike kijiti kiasi cha kuhisi springi yake inaturudishia jibu. Kijiti cha kulia kina springi pande zote na hurudi katikati kikiachwa. Cha kushoto, kwa mwendo wa mbele na nyuma, hakina. Hubaki pale ulipokiweka, kwa kuwa nguvu ya kupaa haitakiwi ijikate yenyewe. Jambo hili la kiufundi, ambalo mtoto halizingatii, lilikuwa baraka kwa mkono mgonjwa. Mkono ungeweza kupumzika na chombo kisianguke.

Mtetemo wa vidole ulibaki. Hapo mmoja wa vijana alifanya jambo la busara: alikata kipande cha mrija wa kalamu ya wino, akakivika juu ya kijiti cha kushoto kikawa kirefu maradufu. Rimoti za bei kubwa zina ncha za skrubu zinazorefushwa na kufupishwa kwa ajili hiyohiyo. Kijiti kikiwa kirefu, pembe ileile huhitaji mwendo mrefu zaidi wa kidole, kwa hiyo mtetemo mdogo wa mkono unakifikia chombo ukiwa umepungua. Ami alipoona alicheka, akasema ndiyo sababu kana ya mashua huwa ndefu. Kana fupi humchosha nahodha na kumfanya alevye chombo.

Kisha likaja somo lililonigusa zaidi. Helikopta, tofauti na gari, haisimami ukiacha kuisukuma. Ukiinamisha kulia ikaanza kwenda kulia, kurudisha kijiti katikati hakutoshi. Itaendelea kuteleza mpaka uiinamishe kidogo kushoto kuukata mwendo, kisha ndipo urudi katikati. Tena urudishaji huo uanze kabla hujaona haja yake. Watoto walikuwa wakingoja waione inakwenda, ndipo watende, na kwa hiyo kila tendo lilichelewa, na kila lililochelewa lilizidisha. Chombo kilikwenda mrama. Natumia msemo huu kama alivyoutumia ami, kwa maana yake ya awali, chombo kinachoyumba huku na huku juu ya maji. Miaka yote nimeusoma magazetini ukisemwa juu ya mazungumzo na bajeti, na sikuwahi kuuona ukitembea mbele ya macho yangu mpaka siku ile kiwandani.

"Wampa, kisha wamrudishia kabla hajafika," alisema. Ndivyo anavyofanya mshika usukani bahari inapotoka nyuma: wimbi likiinua tezi, chombo hutaka kugeuka ubavu, na mkono unapaswa kukipa na kukinyang'anya kabla omo haijaenda mbali. Ami huisimulia hata vita ya Shela, ile ya mnamo 1812 au 1813 ambayo majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishindwa ufuoni kwetu na, kwa mujibu wa masimulizi, mashua zao zikakutwa zimekwama kwa maji kupwa, kana kwamba ni kosa la unahodha tu. Walichelewa kurudisha, basi. Wanahistoria watanisamehe.

Kuna jambo moja linalowashinda wanaojifunza mchezo huu kila mahali. Helikopta ikiwa imekupa mkia, kulia kwake ni kulia kwako, na mambo ni mepesi. Ikigeuka ikakutazama, kulia kwake kumekuwa kushoto kwako, na mkono uliozoea huanza kutenda kinyume. Wengi huchukua wiki na miezi kulivuka hilo. Ami alilivuka siku ya pili. Tulistaajabu mno, na nilikesha nikitafuta sababu mpaka nikaiona: mtu huyu ameishi miaka 40 akisukuma kana kulia ili omo iende kushoto. Ukinyume kwake ndio mwendo wa kawaida. "Mato yawe mbee, kwenye omo," alituambia. "Mkono utafuata wenyewe. Ukiufikiri mkono, umekwisha."

Ni "tuliambiwa", na katika "sisi" hiyo nami nimo. Hapa pana jambo ambalo sijapata kuliandika mahali popote. Mimi ni binti wa ukoo wa manahodha. Nimepanda mashua tangu sijajua kutembea, nikiwa abiria, nikiwa mzigo uliopangwa katikati pamoja na wanawake wengine na vikapu. Kaka zangu waliitwa tezini wakiwa na umri wa miaka saba, minane, wakawekewa mikono juu ya kana. Hapakuwa na katazo lililotamkwa. Hapakuwa tu na siku ambayo mtu aliniita. Elimu ile ilitolewa baharini, baina ya wanaume, na haikuwa na njia ya kuingia nyumbani. Helikopta ya binamu yangu iliileta kiwandani, mahali petu sisi, kati ya beseni la nguo na mbuzi ya kukunia nazi. Nikiwa na umri wa miaka 28, ami yangu aliuweka mkono wake mzima juu ya wangu, akanibana vidole viwili kwenye kijiti, akaniambia: "Hivyo. Usimkabe."

Baada ya hapo swali la watoto lilirudi kwa uzito mwingine. Vijiti hivi tuviiteje? Tasnifu yangu inahusu ushairi wa Lamu, na kila mtafiti wa uwanja huo hupita mlangoni kwa marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 2017. Katika utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, alikijenga chombo kwa beti, kipande kwa kipande, ili majina ya viungo vyake yasipotee na vyombo vyenyewe. Ni yeye pia aliyetupatia neno runinga, ambalo limekaa, na ngamizi, ambalo limeshindwa na kompyuta. Njia yake ilikuwa kurudi kwenye maneno ya kale kabla ya kugonga hodi kwa wageni. Tena bahari na anga zina udugu wa zamani katika lugha yetu. Rubani alikuwa mtu wa chombo cha majini kabla hajapanda ndege. Usukani umehamia garini. Chombo ni chombo, kiwe cha maji au cha anga. Na neno kutua, ambalo leo tunalisemea ndege, ndilo analolitumia baharia akishusha tanga.

Kwa hiyo nilikwenda kwa ami nikiwa na pendekezo tayari: kila kijiti kiitwe kana. Nililipenda. Lilikuwa fupi, la asili, lina historia.

Alilikataa papo hapo, na sababu yake ni bora kuliko nyingi nilizosikia katika semina zetu za istilahi. Kana, alisema, haiamuru omo, huamuru tezi. Ukiisukuma kulia, tezi ndiyo inayokwenda kulia, na omo hulipa kwa kwenda kushoto. Kijiti hiki ukikisukuma kulia, omo yenyewe ndiyo inayokwenda kulia. Kitu kinachotenda kinyume cha kana hakiwezi kuitwa kana. Siku moja mtoto atashikishwa kana ya kweli, atatenda alivyozoea rimoti, na atawapandisha watu mwambani. Nilikuwa nimetazama umbo, mti mdogo unaoshikwa kwa mkono. Yeye alitazama kazi.

Watoto walikuwa wakisikiliza. Mmoja wao, wa miaka 10, akauliza kamba ya kupandishia tanga inaitwaje. Ni henza. Basi tangu siku hiyo kijiti cha kushoto ni henza, kwa sababu kinapandisha, na wakitaka chombo kipae husema tweka, na wakitaka kishuke husema tua. Ami hakupinga. Alisema tu kwamba henza haigeuzi omo, na kijiti hicho kina kazi mbili, ila kazi kubwa ndiyo yenye haki ya jina. Pua ya chombo ni omo na mkia ni tezi, na hayo hayakuhitaji mjadala. Kuinama kando wanakuita kulaza, kama mashua inavyolala upande wa demani upepo ukizidi. Rimoti imebaki rimoti. Niliwaeleza kwamba liko neno kitenzambali, wakalirudia mara mbili kwa adabu.

Mashua nyingi za Lamu leo zina injini nyuma, na mwenye injini hana haja ya henza wala demani, kwa kuwa hana tanga. Mashindano bado yapo, na vijana hodari bado wapo, lakini idadi ya nyumba ambazo mtoto atasikia maneno haya yakiitwa kwa sauti, akitakiwa atende sasa hivi, inapungua kila mwaka. Nimeandika maneno 63 kutoka kinywani mwa ami tangu likizo ile. Baadhi sijayakuta katika kamusi yoyote niliyonayo, na kwa machache maelezo ya kamusi na maelezo yake hayalingani. Nayaandika usiku kwa simu, kwa kuwa mchana anataka kurusha.

Mkono wake wa kushoto sasa unaweza kufunga kifungo cha kanzu. Daktari amefurahi, na hajaambiwa kilichofanya kazi.

Kijiti cha kulia bado hakina jina. Tumejaribu matatu, na yote yamekataliwa kiwandani, mawili na ami na moja na watoto. Linatakiwa neno fupi, la chombo kinachoinamishwa upande ule unaotakiwa kwenda, mbele, nyuma na kando. Kama yuko msomaji wa Pemba, wa Kilwa, wa Vanga au wa Barawa ambaye kwao mabaharia wana neno la kazi hiyo, alilete kwa mhariri wa jarida hili, naye atanifikishia.